Taa ya Oili

Katika dashibodi ya Landrova ya marehemu baba yangu kulikuwa na taa ndogo, haizidi punje ya hindi kwa ukubwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaka pale presha ya oili inapoanguka ndani ya injini. Kwa sababu ya taa hiyo tulimfukuza mtu aliyekuwa kama ndugu wa nyumba yetu. Mimi nilijua jambo fulani siku ile, nikanyamaza, na kimya hicho kilidumu miaka 26. Msomaji atanivumilia nikichanganya habari hiyo na historia ya taa na geji za magari. Nilijifunza historia hiyo kwa sababu ya taa ile, na sijui namna ya kueleza moja bila nyingine.

Landrova yenyewe ni ya toleo la tatu, pikapu ndefu, ile yenye inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Waingereza walizindua Landrova ya kwanza mwaka 1948, na toleo hilo la tatu lilitoka 1971 likaendelea kutengenezwa hadi 1985. Baba, mwalimu mstaafu, aliinunua mnadani mwaka 1982 kwa kiinua mgongo chake chote, na mama hakusema naye kwa wiki nzima. Kazi ya gari ilikuwa kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi sokoni Iringa. Anayeifahamu barabara hiyo hahitaji kuambiwa kuwa katikati yake umelala mlima Kitonga. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni bonde ambalo si vizuri kulitazama sana, na gari lenye mzigo hutambaa kwa gia ndogo, kona baada ya kona, huku injini ikilia na joto la bonde bado likilifuata.

Dereva wetu alikuwa mwana wa barabara hiyo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia yake ya mafuta ya kusini, na ikabidi mafuta yapite Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori katika barabara iliyokuwa bado ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wageni waliiita njia ya jehanamu, wala hawakutia chumvi. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 shida ilipungua, kisha katikati ya miaka ya 1970 ikaja reli ya TAZARA. Yeye alikuwa utingo katika malori hayo akiwa kijana mdogo asiyeota ndevu, na humo ndimo alimojifunza kuendesha kwa sikio. Nilimwita kaka, ingawa alinizidi miaka 16. Yeye aliniita mdogo wangu, na baba alimwita Mwalimu, kama wote.

Mwaka 1986 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na baba akaniweka utingo ili nisizurure. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufungua boneti, kutazama maji ya rejeta, kuchomoa kijiti cha oili, kukifuta, kukirudisha, kukichomoa tena na kusoma alama. Ni kazi ya dakika mbili. Asubuhi moja ya mwezi wa Oktoba, huko Ruaha Mbuyuni, niliamka nimechoka, kwani usiku nilikuwa dansini. Sikufungua boneti. Kaka aliponiuliza nilimjibu, "Oili ipo, kaka." Tukasukuma gari, maana betri yetu ilikuwa dhaifu na betri mpya enzi zile ilikuwa kama dhahabu, injini ikawaka, tukaondoka. Mahali tulipolaza gari palikuwa na doa jeusi mchangani, upana wa ungo. Nililiona nilipokuwa nasukuma. Sikulifikiria.

Tulipofika zaidi ya nusu ya mlima injini ilianza kugonga. Kaka alizima hapo hapo, bila kungoja hata sekunde, lakini tayari ilikuwa imechelewa. Injini ilikuwa imenoki. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imelegea tangu tulipobadilisha oili wenyewe siku chache kabla, na oili ilikuwa imevuja usiku kucha, iliyobaki ikaishia njiani. Lori la saruji lilituvuta hadi Ilula, na magunia ya vitunguu tukayauza hapo kwa hasara.

Baba alituweka wote wawili sebuleni. Aliniuliza mimi kwanza, "Ulipima oili?" Nikasema nilipima. Akamgeukia kaka, "Kama oili ilikuwepo asubuhi, basi ilipoisha taa iliwaka, nawe ukaendelea kuendesha." Kaka akasema, "Mwalimu, taa haikuwaka." Baba akaniuliza kama niliona taa. Ningeweza kusema haikuwaka, kwani kwa kweli sikuiona ikiwaka. Badala yake nikasema sikuwa natazama. Ilitosha. Baba alikuwa mtu wa hesabu: oili ilikuwepo, taa ipo, basi mwenye makosa ni dereva. Alimwondoa siku ile, na mshahara wa miezi miwili aliokuwa anamdai akauzuia kulipia injini, ambayo hata hivyo haikununuliwa kamwe. Betri ilitolewa wiki ile ile ikauzwa, na gari likawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakahamia.

Hesabu ya baba ilikuwa na kosa moja, na kosa hilo ni la zamani kuliko Landrova. Ili kulieleza inabidi nirudi nyuma kidogo.

Kupima presha kwa mshale kulianza kwenye mashine za mvuke. Mwaka 1849 fundi wa Kifaransa, Eugène Bourdon, alipewa hataza kwa kifaa chepesi cha ajabu: mrija wa shaba uliobanwa ukawa bapa, ukakunjwa kama mwezi mchanga. Presha ikiingia ndani, mrija unajaribu kujinyoosha, na ncha yake inavuta mshale. Hakuna umeme, hakuna taa. Geji nyingi za oili zinazofanya kazi kwa bomba hadi leo zina mrija wa Bourdon ndani yake. Nilipokuwa shule tulifundishwa kuiita presha hiyo kanieneo. Sijasikia fundi hata mmoja akisema kanieneo.

Magari ya mwanzo hayakuwa na anasa hiyo. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na geji ya petroli wala ya oili. Petroli ilipimwa kwa kijiti, na katika magari mengi ya aina hiyo ilibidi abiria ainuke kwanza, maana tangi lilikuwa chini ya kiti. Kujua oili, dereva aliingia uvunguni akafungua vibomba viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini. Oili ikitoka cha juu imejaa, ikitoka cha chini tu imepungua, isipotoka popote ni msiba. Kwa joto, katika miaka ya 1910 ilizuka nchini Marekani kipimajoto cha kufunga juu ya kifuniko cha rejeta, maarufu kwa jina la MotoMeter. Dereva alikitazama kwa mbali kupitia kioo cha mbele, wekundu ukipanda au kushuka. Kilipima mvuke uliokuwa juu ya maji, na watu walikipenda hata kikawa pambo.

Baadaye mishale iliingia ndani, mbele ya dereva: oili, joto, petroli, chaji ya betri. Kisha katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuondoa baadhi ya mishale hiyo na kuweka taa, na kufikia miaka ya 1950 desturi hiyo ilienea. Taa ni rahisi kutengeneza. Swichi moja, waya mmoja, balbu moja. Pikapu za Chevrolet za mwaka 1967 hadi 1972, kwa mfano, ziliuzwa kwa kawaida na geji ya petroli na taa za onyo kwa mengine yote. Aliyetaka mishale kamili aliongeza pesa, na mpaka leo Wamarekani wanaozitunza pikapu hizo hutafuta dashibodi zenye mishale na kubadilisha nyaya ili kuziingiza. Hao hao ndio walioziita taa hizo taa za wajinga.

Mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Mshale ni kwa mtu anayeutazama, na madereva wengi hawatazami. Taa nyekundu humshtua hata aliyesinzia. Lakini taa ina ugonjwa wake. Swichi ya oili hukata umeme presha inapopanda juu ya paundi chache tu, na taa huzimika. Kitabu cha matengenezo cha injini ya petroli ya lita 2.25, kama yetu, kinataka presha ya paundi 35 hadi 65 injini ikiwa na moto na gari likienda maili 30 kwa saa. Kati ya hapo na kiwango cha swichi kuna safari ndefu ya kuteremka, na katika safari hiyo yote taa haina la kusema. Inapowaka, aghalabu beringi zimekwisha kuanza kulia. Ugonjwa wa pili ndio uliotupata sisi: taa isiyowaka ina maana mbili. Ama mambo ni mazuri, ama balbu imekufa. Ndiyo maana ukiwasha swichi ya gari kabla ya kupiga stata, taa zote sharti ziwake kwanza, na dereva azihesabu. Gari letu lilikuwa la kusukuma. Wakati ule wa kuhesabu taa sisi tulikuwa nyuma, mabega kwenye bodi, na kaka mguu kwenye klachi, macho barabarani.

Baba alifariki mwaka 2009. Mwaka 2012 nilipata injini ya mtumba ya aina ile ile, nikaamua kulifufua gari. Sitasema ilikuwa kwa mapenzi tu. Nyuma ya nyumba palikuwa panatakiwa kujengwa. Fundi wangu alikuwa kijana mwenye umri wa kuwa mwanangu, makini sana, na sharti langu kwake lilikuwa moja: sitaki taa, nataka geji za oili, joto na chaji, na ziwe zinafanya kazi. Geji ya joto ilikuwepo tangu zamani, lakini mshale wake ulilala miaka mingi kabla ya gari kufa.

Akafungua dashibodi. Alichomoa balbu moja moja na kuzijaribu kwa betri. Ya taa kubwa iliwaka. Ya chaji iliwaka. Ya oili haikuwaka. Aliinua juu ya mwanga, akanipa bila kujua ananipa nini: kioo kilikuwa kimepiga weusi kwa ndani na uzi wake umekatika. Nilimwuliza mara mbili kama balbu yaweza kufa hivyo kwa kukaa tu. Akacheka. "Mzee, balbu inaungua ikiwa na umeme. Gari hili lilikuwa na betri lini mara ya mwisho?"

Nililijua jibu. Betri ilikuwa imetolewa wiki ile ile ya mwaka 1986. Basi balbu ilikufa siku ile au kabla yake. Ile sentensi ya sebuleni, Mwalimu, taa haikuwaka, ilikuwa kweli tupu.

Kazi ya geji ilichukua siku tatu, na nilikaa pale gereji zote tatu kwa sababu sikutaka kwenda nyumbani. Kwa oili tulifunga kiungo cha njia tatu pale ilipokuwa swichi, kwenye kichwa cha chujio. Swichi ya taa ikabaki upande mmoja, na upande wa pili ukatoka mrija mwembamba wa kupeleka oili yenyewe hadi nyuma ya geji. Fundi alinionya kuwa mrija huo ukisugua bodi na kutoboka utamwaga oili ya moto miguuni, kwa hiyo tukaupitisha ndani ya mpira kila ulipogusa chuma. Geji ya joto ilifufuka kwa sensa mpya na kwa kusafisha kile kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 10 kwa ajili ya mishale ya joto na petroli. Kidude hicho kikikosa mguso mzuri wa bodi, mishale yote miwili hupanda pamoja ikadanganya kwa sauti moja. Kwa chaji nilitaka geji ya ampea kama ya malori ya zamani, fundi akakataa, akisema umeme wote wa gari hauna haja ya kupita kifuani kwa dereva ndani ya nyaya kuukuu. Tukafunga ya volti. Injini imezima, mshale husimama juu kidogo ya 12. Ikiwaka na alteneta ikafanya kazi, hupanda karibu na 14.

Nilipotaka kuitupa taa ya chaji alinizuia tena. Taa hiyo, kumbe, si mtoa habari tu. Umeme mdogo unaopita katika balbu yake ndio unaoiamsha alteneta ya aina ile ianze kuzalisha. Ukiiondoa, alteneta yaweza kuzunguka bure. Kwa hiyo taa zote zilibaki, pamoja na geji. Ile ya oili ikapata balbu mpya. Ya zamani niliitia ndani ya kibiriti.

Niongeze jambo moja ambalo fundi huyo alinisimulia, nami baadaye nikalithibitisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ford walianza kufunga katika baadhi ya pikapu na magari yao geji ya oili yenye mshale mzuri, lakini nyuma yake haikuwa sensa, ilikuwa swichi ile ile ya taa pamoja na kizuizi cha umeme. Presha ikiwa juu ya paundi chache mshale unasimama katikati, na hapo hausogei. Sababu inayotajwa ni kwamba wenye magari walikuwa wakiingiwa na hofu kila mshale wa kweli ulipocheza. Niliposikia hayo nilimfikiria baba, aliyependa majibu yasiyochezacheza, na nilijifikiria mimi sebuleni, nimesimama katikati kabisa.

Kaka nilimkuta Ilula, ana shamba la nyanya na wajukuu. Nilipiga magoti kumwamkia, akaitikia, akanitazama kisha akalitazama gari muda mrefu zaidi. Tulipoketi nilitoa kibiriti, nikamwonyesha balbu, nikamweleza. Halafu nikasema lile lililokuwa gumu, kwamba asubuhi ile sikupima oili.

"Hilo nalijua," akasema. "Ulikuja na mikono safi. Utingo aliyepima oili ya Landrova hana mikono safi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Mwalimu aliniuliza habari ya taa. Hakuniuliza habari yako." Akageuza balbu kwenye kiganja. "Nami nilikuona una mikono safi nikawasha gari. Ningeshuka nikapima mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na fedha ndani ya bahasha. Mshahara wa miezi miwili wa mwaka 1986, kwa tarakimu zilezile, usingenunua hata lita moja ya oili mwaka 2012. Nilikuwa nimekisia kwa bei ya gunia la vitunguu la wakati ule na la sasa, na nilimweleza hesabu yangu. Aliisikiliza, akasema gunia la enzi zile lilikuwa kubwa zaidi. Sikubishana. Akazihesabu noti zote mbele yangu, polepole, akazitia mfukoni, hakusema asante wala sikuitarajia. Ile balbu akanirudishia.

Kisha akaomba ufunguo. Tukateremka naye hadi Ruaha Mbuyuni, tukanywa chai, tukapakia magunia matatu ya jirani yake ili gari lisipande bure. Kabla ya kupiga stata aliwasha swichi akangoja, akagusa kila taa kwa kidole, moja baada ya nyingine. Injini ilipowaka mshale wa oili uliruka hadi 60. Kwenye Kitonga, oili ilivyozidi kupata moto na kuwa nyepesi, ulishuka mpaka 45, ukashuka mpaka 40, na gari likaanza kulemewa. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme kitu. Kaka hakuwa anatazama geji. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, kama zamani, na mkono wake tayari ulikuwa unarudisha gia. Injini ikachangamka, mshale ukapanda tena taratibu hadi 45. Hapo ndipo alipoutupia jicho.

"Unasema kweli," akasema, na kuanzia hapo hadi kileleni hakuacha kuutazama.